Kupima uwezo wa mwili kwa mgonjwa wa goti au nyonga: kiti, futi na simu vinatosha

Kila akija mwanafunzi mpya au muuguzi aliyehamishiwa kwetu, maswali ni yaleyale. Nitumie kiti gani? Akijisukuma kwa mikono nahesabu? Kituo chetu hakina ngazi, nifanyeje? Safari hii ameinuka kitini mara moja zaidi, tuseme amepata nafuu? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, hapa mjini Moshi na kwenye vituo vya juu mlimani. Sasa nayaandika, ili ukiniuliza tena nikuonyeshe hapa.

Mgonjwa ninayemzungumzia unamjua. Bibi wa Uru ameteremka na hiace ya asubuhi, goti la kulia limekakamaa, na mjukuu aliyemsindikiza anajibu maswali kwa niaba yake: "Miguu inamsumbua." Ukifungua faili, mwenzako wa mwezi uliopita ameandika maneno mawili tu: anaendelea vizuri. Vizuri kuliko lini? Kwa kipimo gani? Hapo ndipo shida ilipo, na mwongozo huu ni kwa ajili ya hapo.

Nadharia ni fupi. Osteoathraitisi ni ule ugonjwa ambao watu huuita kusagika kwa viungo: gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni) linalika, mfupa unabadilika, kiungo kinauma na kukaza. Picha ya eksirei itakuonyesha kiungo kilivyo, haitakuambia kama mwenye kiungo anaweza kuinuka kanisani bila kushika benchi la mbele. Nimeona picha mbaya za kutisha za watu wanaopanda kwenda shambani kila siku, na picha za wastani za watu wasiotoka nje. Kwa hiyo tunampima mtu akifanya kazi. Mwaka 2013 chama cha kimataifa cha utafiti wa ugonjwa huu, OARSI, kilipendekeza majaribio 5 kwa watu wa goti na nyonga: kuinuka kitini kwa sekunde 30, kutembea mita 40 kwa haraka, kupanda na kushuka ngazi, kuinuka na kwenda, na kutembea dakika 6. Matatu ya kwanza ndiyo msingi. La dakika 6 sitaligusa. Linataka ujia ulionyooka wa mita 30 hivi, na wengi wenu hamna.

Andaa kwanza

- Kiti kigumu kisicho na mikono, urefu wa sentimita 43 au 44 kutoka sakafuni hadi pale anapokalia. Pima mwenyewe kwa futi ya fundi.
- Kiti kingine chenye mikono, kwa jaribio la kuinuka na kwenda.
- Futi ya mita 5 au zaidi, na chaki au utepe wa kubandika sakafuni.
- Simu yenye stopwochi. Weka isiyopokea simu. Nimeshapoteza jaribio zima kwa sababu ya mtu wa vikoba.
- Koni mbili. Ndoo ndogo au chupa za maji zilizojaa zinafaa.
- Sehemu tambarare ya mita 15 na ushee. Veranda inafaa ikiwa kavu. Zile sakafu nyekundu zilizopigwa nta na kung'aa usizitumie kabisa, na wakati wa masika futa maji ya miavuli kwanza.
- Kipimo cha presha.
- Mtu wa pili wa kusimama karibu na mgonjwa, hasa kwenye ngazi.

Usimsimamishe mtu mwenye kiungo cha moto kilichovimba pamoja na homa, aliyeanguka juzi na sasa hawezi kukanyaga, mwenye maumivu ya kifua, au aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi mmoja uliopita. Presha ya juu ikizidi 180 au ya chini ikizidi 100, au mapigo ya moyo akiwa amekaa yakizidi 120 kwa dakika, ahirisha na umpeleke kwa daktari. Namba ya goti inaweza kusubiri wiki.

Hatua kwa hatua

1. Msalimie, mkalishe, subiri. Mtu aliyetoka stendi kwa miguu, kisha akapanda mpaka kliniki, tayari ameshafanya jaribio lake. Mpe dakika 15 hadi 20. Katika muda huo uliza na uandike: amekunywa dawa gani ya maumivu leo na saa ngapi? Bibi aliyemeza diklofenaki saa kumi na moja alfajiri si sawa na bibi huyohuyo asiyemeza kitu. Usimkataze dawa. Andika tu, na safari ijayo jitahidi hali ifanane.

2. Mwache ataje kazi zake. Kabla ya kugusa stopwochi, mwambie: "Bibi, nitajie mambo matatu ambayo goti linakuzuia kuyafanya, au unayafanya kwa shida." Kisha kwa kila jambo aseme namba, 0 hadi 10: 0 ni hawezi kabisa, 10 ni anafanya kama zamani kabla ya ugonjwa. Andika kwa maneno yake mwenyewe. Utasikia kuchuchumaa choo cha shimo, kusujudu, kukata majani ya ng'ombe, kuteremka na mkungu wa ndizi, kupanda daladala wakati konda anagonga bati. Hujui namba atakayotoa mpaka umuulize, na usimsaidie kuchagua.

Wengi huniuliza habari za madodoso makubwa. WOMAC ina maswali 24 na matumizi yake yanahitaji leseni. KOOS ya goti ina maswali 42 na HOOS ya nyonga 40, nazo ni za bure. Ni vipimo vizuri. Lakini usikae na karatasi ya Kiingereza ukamtafsiria mgonjwa papo hapo. Leo utasema "kuingia kwenye beseni la kuogea", kesho mwenzako atasema "kuoga", na hayo ni maswali mawili tofauti kwa mtu anayeogea ndoo uani. Kama huna tafsiri iliyopimwa na kukubaliwa, baki na kazi tatu za mgonjwa.

3. Angalia miguuni na nguo. Watu wa kwetu wakija hospitali huvaa kama wanakwenda ibadani. Viatu vya kisigino au kandambili vitaharibu kipimo na vinaweza kumwangusha. Avae viatu anavyovaa siku zote, vilivyofunga mguu. Kanga iliyobanwa kiunoni inafupisha hatua, kwa hiyo mwombe ailegeze. Andika alivaa nini. Mkongojo auchukue kama ndio anaotumia, na uandike kaushika mkono gani.

4. Kiti, sekunde 30. Hili ndilo jaribio utakalofanya mara nyingi zaidi, na ndilo linaloharibiwa zaidi, basi tulia hapa.

Egemeza kiti ukutani kisiteleze. Mgonjwa akae katikati, mgongo wima, nyayo zote sakafuni, miguu imeachana upana wa mabega na imerudi nyuma kidogo ya magoti. Mikono aikunje kifuani. Fanya wewe mara mbili akiona, kisha naye ajaribu mara moja au mbili. Sema: "Nikisema anza, simama wima kabisa, kaa kabisa, rudia haraka uwezavyo bila kujiumiza, mpaka nikuambie basi." Anza saa papo hapo unaposema "anza".

Hesabu kila anaposimama wima: magoti na nyonga vimenyooka. Akirudi, makalio lazima yaguse kiti kwa uzito wake. Kugusa na kuruka haihesabiwi. Akichoka akapumzika, saa inaendelea. Sekunde ya 30 ikimkuta ameshavuka nusu ya kusimama, mpe hiyo.

Akitumia mikono, iwe kwenye mapaja au kwenye kiti, alama ni 0. Najua inauma kuandika sifuri kwa mtu anayetoka jasho mbele yako, na wanafunzi hunilaumu kwa ukatili. Andika 0, kisha mwache arudie akitumia mikono, na uandike hiyo pembeni: "0, kwa mikono 7". Safari ijayo mlinganishe na yeye mwenyewe kwa namna ileile. Usiandike 7 peke yake.

Siku moja mwanafunzi alikuwa anahesabu kwa sauti, "sita, saba, nane," bibi akasimama katikati ya jaribio na kumtazama: "Hiyo ya saba haikuwa nzima, mwanangu. Sikukaa." Bibi alikuwa sahihi. Tangu hapo nasema hesabu kimoyomoyo, macho yawe kwenye magoti na makalio badala ya uso wa mgonjwa.

5. Mita 40 kwa haraka. Chora mistari miwili iliyoachana mita 10 kamili. Weka koni mita 2 mbele ya kila mstari, upande wa nje. Mgonjwa anaanzia mstari wa kwanza, anavuka wa pili, anazunguka koni, anarudi, hivyo hivyo mpaka amalize mita 10 mara nne. Kwenye kuzunguka koni, simamisha saa anapovuka mstari na uiendeleze anapourudia. Tunapima kutembea kwenye mita 40 tu, kugeuka hakuhesabiwi.

Maneno ni haya: "Tembea haraka uwezavyo kwa usalama, usikimbie." Tembea nyuma yake kidogo. Ukitangulia mbele au ukienda sambamba, atafuata mwendo wako, na utakuwa umejipima mwenyewe. Mpe jaribio moja la mazoezi.

Gawa 40 kwa sekunde zake. Sekunde 40 ni mita 1.0 kwa sekunde, sekunde 50 ni 0.8.

6. Ngazi. Tafuta ngazi halisi yenye kishikio, vipandio 9 hadi 12, kila kimoja sentimita 16 hadi 20. Apande na kushuka haraka awezavyo kwa usalama. Saa moja kwa safari yote. Kishikio anaruhusiwa, ila andika kama alikitumia, na kama anaweka miguu yote miwili kwenye kila kipandio. Msaidizi awe nyuma yake akipanda, na mbele yake, hatua moja chini, akishuka. Kushuka ndiko kunakoangusha.

7. Kuinuka na kwenda. Kwa anayeogopa ngazi au mwenye historia ya kuanguka. Kiti chenye mikono, alama mita 3 mbele. Ainuke, atembee kwa mwendo wake wa siku zote, ageuke, arudi, akae. Mikono ya kiti ruksa. Saa inasimama mgongo ukishaegemea.

8. Baada ya kila jaribio, uliza maumivu. 0 hadi 10, hapohapo kabla hajasahau. Namba ya kiti ikipanda huku maumivu yakitoka 3 hadi 8, kuna jambo la kuzungumza.

9. Andika mstari mmoja unaosomeka. Mfano: *Kiti: 8 (sm 44, bila mikono), maumivu 4. Mita 40: sek 46.2 = 0.87, mkongojo mkono wa kushoto, raba, maumivu 5. Ngazi: hazikufanyika, ana kizunguzungu leo. Diklofenaki saa 11 alfajiri.* Mtu yeyote akiusoma mwezi ujao ataweza kurudia ulichofanya. Kama hawezi, hukupima.

Kiti kilichonidanganya

Nilikuwa kwenye kituo kimoja kidogo, sitakitaja. Kiti chetu cha mbao kilivunjika mguu, mtu wa usafi akaleta kingine kutoka ukumbini. Hatukuuliza. Wiki hiyo wagonjwa watatu waliongeza mara mbili hadi tatu kila mmoja, nami nikawasifu kwa mazoezi ya nyumbani, mmoja nikampigia hata makofi. Siku ya nne nilikaa mwenyewe nikahisi miguu inaning'inia. Nikachukua futi: sentimita 48. Kiti kirefu kinarahisisha kuinuka, basi. Niliwaita wale watatu na kuwapima upya. Aliyepigiwa makofi hakufurahi.

Tangu siku hiyo kiti cha kupimia kinaandikwa kwa rangi chini yake, na hakikaliwi na wasindikizaji. Viti vya plastiki usiviamini: vinapinda chini ya mtu mzito, na miguu yake inateleza. Kama kiti chako ni kifupi, fundi akipigilie vibao chini ya miguu yote minne. Usiweke mto juu; mto unabonyea, na kila mtu anaubonyeza kwa kiasi chake.

Namba inasema nini

Usikimbilie kumlinganisha na jirani. Jedwali linalosambaa sana kwenye jaribio la kiti ni la Marekani: mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akiwa chini ya 10 anahesabiwa yuko chini ya kawaida, mwanamume wa umri huo chini ya 12. Lipe uzito wa dokezo tu. Mlinganishe bibi na yeye mwenyewe wa safari iliyopita.

Hata hivyo mtu yuleyule akipimwa siku mbili mfululizo bila kubadilika chochote, namba hucheza. Kwa kiti, ongezeko la 1 ni la kucheza; kuanzia 2 au 3 ndipo naanza kuamini. Kwa mita 40, natafuta tofauti ya mita 0.2 hadi 0.3 kwa sekunde. Kwa kuinuka na kwenda, watu wanaosubiri upasuaji wa kubadilisha kiungo walipopimwa, tofauti chini ya sekunde 2.5 hivi haikutenganishwa na makosa ya kipimo. Kwa ngazi ilikuwa sekunde 5.5 hivi. Kwa kazi tatu za mgonjwa, wastani upande kwa alama 2 hivi.

Na usishangae maneno na miguu vikipingana. Baada ya kubadilishiwa goti, mwezi wa kwanza watu wengi husema wana nafuu kubwa kwa sababu maumivu yamepungua, huku kwenye ngazi na kutembea wakiwa wazito kuliko kabla ya upasuaji. Hakuna anayedanganya. Ndiyo maana tunaandika vyote viwili.

Mambo yakikwama

*Kituo hakina ngazi.* Andika "hazikufanyika, hakuna ngazi". Usitumie kipandio kimoja cha mlangoni ukakiita jaribio la ngazi, wala zile ngazi za udongo zilizochongwa kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani. Hakuna mbili zinazolingana. Kiti na mita 40 vinakutosha.

*Sina mita 15.* Toka nje, tafuta sehemu tambarare. Mlimani ni kazi, nakubali. Uwanja wa kanisa au shule mara nyingi ndio pekee uliosawazishwa. Mteremko mdogo tu unabadilisha namba, kwa hiyo ukishapata mahali, pabaki hapohapo.

*Mgonjwa haoni sababu ya kukimbizwa na saa.* Kosa ni letu, hatukumweleza. Rudi kwenye zile kazi tatu: "Bibi, ulisema kuinuka chooni ni 2. Kiti hiki ndiko kuinuka huko." Wengi hukubali hapo.

*Mjukuu anamshangilia.* Mtoe nje kwa adabu. Leo yupo, kesho hayupo, na shangwe huongeza namba. Wewe pia usishangilie. Maneno yako yawe yaleyale kila safari, na kama unaweza, mpimaji awe yuleyule.

*Amekataa kukunja mikono kwa kuogopa kuanguka.* Msaidizi asimame ubavuni bila kumshika. Akikataa bado, ni 0 na namba ya mikono pembeni.

*Amesimama mara mbili akaacha kwa maumivu.* Andika 2, na uandike kwa nini aliacha. Usimrudishe siku hiyo.

*Namba imeshuka na yeye anasema yuko vizuri.* Kabla ya kumtisha, angalia mambo manne kwa mpangilio huu: kiti, viatu, dawa ya asubuhi, safari aliyotoka nayo. Juma lililopita bibi mmoja alishuka kutoka 9 hadi 5. Nikapima kiti, sawa. Raba zilezile. Dawa kameza. Nikamuuliza amekujaje. Hiace ilikuwa imeharibika njiani, akatembea. Tulikunywa chai, nikampangia siku nyingine.